Mlango wa Sakristia

Karibu na ninapokaa sasa kuna fundi seremala anayechonga mbao za libuyu, ule mti mwekundu unaoletwa na malori kutoka msituni, upande wa Mambasa na Epulu. Akipiga randa, harufu yake huvuka barabara na kuingia mpaka chumbani kwangu, tamu kidogo na chungu kidogo. Watu huisifu. Mimi hufunga dirisha. Siichukii, ila ikinikuta sijajiandaa inanirudisha Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, nikiwa na miaka kumi, mbele ya mlango wa nyumba yetu. Habari za mlango ule sijapata kumsimulia mtu zote kwa mara moja. Leo nitajaribu.

Tuliporudi Bunia kutoka Beni, ambako vita vilitukimbizia, tulikuta nyumba yetu imesimama lakini imevuliwa nguo. Milango haikuwepo, madirisha hayakuwepo, na hata misumari ya kutundikia nguo ilikuwa imeng'olewa ukutani mmoja mmoja. Mama aliyatazama yale matundu kwa muda mrefu, kisha akacheka.

“Ule mwizi alikuwa mutu ya kazi,” alisema.

Watu walisema vita vimekwisha. Askari wa kofia za buluu walipita na magari yao meupe, soko lilijaa tena samaki wa ziwani na sombe, yale majani ya muhogo, na shule zilifunguliwa. Lakini kila mtu alijua barabara asiyopaswa kuivuka jua likishazama. Jamaa zetu walikaa upande huu, wenzetu wa zamani upande ule, na kati yetu walikuwepo wafanyabiashara waliotoka Butembo, ambao hawakuwa wa huku wala wa kule na kwa hiyo walipokelewa kote. Watu walisalimiana kwa adabu nyingi mno. Tangu siku zile, nikisikia salamu ndefu kupita kiasi, huwa najiuliza nani anamwogopa nani.

Mama alitundika kikwembe chake mahali pa mlango. Tukawa tunalala nyuma ya kitambaa chenye picha za tausi, na Baba alikaa kwenye kiti, fimbo magotini, akiwatazama wale tausi wakicheza na upepo. Baba yangu, Gastoni, alikuwa na ng'ombe kabla ya vita. Sasa alinunua maziwa kwa wafugaji wachache waliobaki na kuyazungusha mjini kwa baiskeli. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyejua kupandisha sauti. Mama alisema hata mbwa wetu hakumwamini akimfukuza.

Siku moja alirudi na mlango umefungwa juu ya baiskeli kwa kamba za mpira. Aliuokota katika majani marefu kandokando ya kijito cha Nyamwavi, umelala kifudifudi, mchwa wamekwisha kuanza kula kona moja. Aliulizia kwa siku mbili kwenye nyumba za karibu kama una mwenyewe. Hakuna aliyejitokeza. Jirani yetu Papa Elia, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, alileta randa na bisibisi, na wawili hao wakafanya kazi mchana kutwa. Waliukwangua, na libuyu ile ikatoa harufu yake, halafu wakaupaka mafuta machafu ya gari ili mchwa wasirudi. Jioni mlango ulikuwa umesimama.

Sijui kama mtu aliyezaliwa na mlango anaweza kuelewa furaha ya Mama. Aliufungua na kuufunga mara ishirini. Wageni waliokuwa wakionekana wazi kupitia dirisha, ambalo bado lilikuwa tundu tu, walilazimishwa kubisha hodi na kusubiri. “Nyumba bila mulango ni soko,” alisema, naye alikuwa ameuza sokoni vya kutosha kujua tofauti. Usiku ule Baba aliiweka fimbo chini ya kitanda, akalala mpaka jua likatoka.

Wiki chache baadaye nilipata malaria. Nililazwa mkekani pale sebuleni, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nilikuwa nikiutazama mlango kwa upande wa ndani. Mwanga wa saa tisa ulipoingia kwa ubavu, niliona chini ya yale mafuta umbo la ua, shina refu lenye maua matatu. Lilikuwa ua la yungiyungi, lile ambalo Mtakatifu Antoni hulishika mkononi. Nililijua vizuri. Nikiwa mdogo kabla ya vita, Mama alikuwa akifua nguo za altare, nami nilimsubiri nje ya sakristia, chumba cha mavazi ya padri, nikipitisha kidole kwenye mistari ya ua lile.

“Papa,” nilimwambia Baba aliporudi, “hii ni mulango ya sakristia.”

Aliweka chini madumu yake ya maziwa. “Najua,” alisema. “Siku nitapata mbao ya kufanya ingine, nitairudisha. Sasa lala.”

Sasa niwaeleze kuhusu parokia yetu. Sitaitaja ilikuwa upande gani wa mji, maana waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo haitawasaidia. Somo wake alikuwa Antoni wa Padua, yule anayeombwa kwa vitu vilivyopotea. Vita vilipita pale kanisani kama vilivyopita kwetu. Mabenchi yalikwenda, vinara vilikwenda, na risasi ilikuwa imepiga sanamu ya Antoni na kumwondoa Mtoto Yesu aliyekuwa mkononi mwake. Mkono wenyewe ulibaki umekunjwa, umebeba hewa. Mabibi wa parokia walisema kwa sauti ya chini kwamba safari hii mtakatifu wetu amepata kazi ya kutafuta cha kwake mwenyewe.

Ilipokaribia sikukuu yake, padri, ambaye alikuwa mgeni kwetu, alitangaza kwamba aliye na kitu cha kanisa akirudishe. Akiweke uwanjani mapema asubuhi aende zake. “Bila maulizo,” alisema, akarudia mara tatu. Vitu vikaanza kurudi. Lilirudi benchi lililokuwa limekatwa miguu na kufanywa kitanda. Kiti cha maungamo kilirudi kikiwa na manyoya ya kuku ndani, na padri alikinusa akasema angalau hawa walikuwa wameungama kila asubuhi. Tulicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa pande zote mbili kucheka jambo moja.

Marene wangu, yaani mama yangu wa ubatizo, alikuwa Mama Konsolata, mmoja wa wale waliotoka Butembo. Aliuza viatu, alifundisha katekismu, na alikuwa mwanamke pekee katika baraza la parokia. Kila Jumamosi baada ya mafundisho ya komunyo ya kwanza alinibakiza, akaninunulia beinye, andazi la moto, na kuniuliza habari za nyumbani. Mama yangu alinipenda kwa kunituma na kunikaripia, kama mama wote. Mama Konsolata alinipenda kwa kunisikiliza. Kwa mtoto hiyo ni zawadi kubwa, na ni hatari pia, lakini hatari yake niliijua baadaye.

Jumamosi moja alitufundisha juu ya dhambi ya kuficha. Siku ile sikuliuma beinye langu. Aliona.

“Iko nini, mutoto yangu?”

Nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya kijito, majani, ua, na kwamba Papa anatafuta mbao. Nililia mpaka nikamlowanisha bega. Alinipangusa uso kwa ncha ya kikwembe chake.

“Papa yako hakuiba,” alisema. “Aliokota. Ile ni kitu ingine. Usimuambie kama umeniambia, atasikia haya. Mimi nitamusaidia kupata mbao polepole. Hii neno itabaki kati yangu na weye na Mungu.”

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Siku ya sikukuu ilikuwa na jua safi na ubaridi wa asubuhi, kama zilivyo siku nyingi za mwezi wa sita kwetu. Mama alivaa kikwembe cha tausi, ambacho kilikuwa kimestaafu kazi ya mlango. Kanisa lilijaa. Jamaa zetu walikaa kushoto, wenzetu wa upande ule walikaa kulia, na watu wa Butembo wakajaza katikati na nyuma. Hakuna aliyewapanga. Kila mtu aliingia, akatazama, akaenda alikojua.

Baada ya mahubiri, prezida wa baraza, mzee mwenye miwani na koti jeusi, alisimama na karatasi. Alisema kusamehe bila kujua unasamehe nani ni kusamehe hewa. Alisema baraza limeamua wale waliokutwa na mali ya Antoni waitwe kwa majina, wapige magoti mbele ya sanamu, jamii nzima iwasamehe, na yaishe. Nilimwona padri akigeuza kichwa kumtazama. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyejua. Lakini alibaki amekaa.

Prezida alianza kusoma. Jina la kwanza lilikuwa la mtu wa kulia. La pili pia. La tatu pia. Watu wale walitoka kwenye mabenchi yao wakipita mbele, na kwa kila jina sauti iliongezeka upande wa kulia, sauti kama ya nyuki. Walipofika watu sita, wote wa upande ule, vijana wawili walisimama na mmoja akavua koti lake. Upande wetu nao watu walianza kusimama. Akina mama waliwavuta watoto karibu. Nami nilijibana kwa Mama.

“Gastoni wa Ngezi,” prezida alisoma. “Mulango ya sakristia.”

Ile sauti ya nyuki ilikatika. Niliwaona wale vijana wakitazamana, halafu wakakaa. Yule aliyevua koti alibaki amelishika mkononi kama asiyejua alilivulia nini. Baba alisimama. Hakumtazama Mama wala mimi. Alipita katikati ya watu kwa hatua zake ndogo, akapiga magoti wa saba katika mstari, mbele ya ule mkono uliobeba hewa.

Nilimtafuta Mama Konsolata. Alikuwa amekaa mbele na wanabaraza wenzake. Nilimtazama mpaka akainua macho, tukaonana, naye akayarudisha kwenye rozari yake. Mpaka leo sijajua namna ya kueleza nilichohisi. Nilikuwa nimewahi kupigwa, kukimbia, kulala na njaa njiani kwenda Beni, na hayo yote yalifanywa na watu nisiowajua. Hili lilifanywa na mtu aliyenipangusa machozi.

Mchana ule wanabaraza walikuja na mkokoteni. Baba alikuwa amekwisha kuufungua mlango mwenyewe, skrubu zote zimo ndani ya kikopo. Aliukataa mkokoteni. Aliuweka mlango kichwani, akautembeza kutoka Ngezi mpaka parokiani, watu wakiwa wamesimama vibarazani. Aliporudi aliosha mikono akaomba chakula. Mama alitundika tausi wake tena.

Hakuna aliyetupiga wala kututukana usoni. Ila walionunua maziwa ya Baba walianza kusema leo tunayo ya jana. Shuleni niliitwa “mutoto ya mulango.” Mama aliacha kwenda misa kwa mwaka mzima. Baba aliendelea kwenda, akikaa benchi la mwisho. Na jambo moja sikulielewa: aliacha kumsalimia Papa Elia. Alimpita uani kama anayepita mti. Papa Elia alimwita mara mbili, mbele yangu, na mara mbili Baba aliingia ndani.

Mimi nilipokea komunyo ya kwanza mkono wa Mama Konsolata ukiwa begani mwangu, maana marene habadilishwi. Nilikuwa nimeukaza mwili wote kama ubao. Baada ya siku ile sikumsalimia tena ila kwa kulazimishwa. Na sikumwambia mtu yeyote kwamba ni mimi niliyesema. Niliona jinsi Baba alivyokuwa akitembea ameinamisha kichwa, nikaamini ameinama kwa sababu yangu, na kwamba siku nikifungua mdomo hatainuka tena.

Miaka ilikwenda. Nilisoma, nikawa mwalimu, Mama akafariki, Baba akahamia Shari, nje kidogo ya Bunia, kwa kaka yangu. Ndipo mtoto wa Mama Konsolata aliponipigia simu kutoka Butembo. Mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka kuniona. Nilikaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne nilipanda gari.

Nilimkuta kitandani karibu na dirisha, miguu imevimba, sauti imebaki ileile.

“Ile siku uliniangalia,” alisema kabla sijakaa vizuri. “Tangu pale haujaniangalia tena.”

Nilisogeza kiti karibu na kitanda.

“Listi ilikuwa na majina sita. Yote ya upande moja, sababu vitu vyao ndiyo vilionekana. Niliwaambia wale wazee, mukisoma hii, watu watachinjana ndani ya kanisa. Prezida akasema, basi mama, tutafutie jina ya upande ingine. Jina ya mutu asiye na kelele.” Alipumua. “Nikakumbuka weye.”

“Ungewaambia waichome ile listi.”

“Ningewaambia. Sikuwaza ile. Niliona nimepata dawa, nikafurahi. Nilijiona mwenye akili.” Alitazama dirishani. “Na hawakupigana.”

“Hawakupigana,” nilisema.

Alisubiri kitu zaidi. Nilimpa maji, nikamwekea mto vizuri, nikakaa naye mpaka akasinzia. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu hakuniuliza, na kwa sababu ningekuwa nasema uongo. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Nilitoka Butembo moja kwa moja mpaka Shari. Baba alikuwa uani akipukuchua maharage, amezeeka lakini vidole bado vyepesi. Nilimweleza ile habari ya orodha, nikificha tu jina la aliyenisimulia na sehemu yangu mimi. Hakushangaa.

“Nilijua,” alisema.

“Tangu lini?”

“Pale pale. Nilikuwa nahesabu. Sita wote ya kule. Nikaona vijana wanasimama. Halafu nasikia jina yangu, na naona wanakaa.” Alipepeta maganda. “Nikasema, haya, leo kazi yangu ndiyo hii.”

“Kwa nini haukusema uliokota?”

“Ningesema vile, wangefuta jina yangu. Wale sita wangebaki peke yao.”

Nilikuwa nimebeba kichwa chake kilichoinama kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakikuwa kimeinama kwa sababu niliyoidhani. Nikafikiri mzigo umeisha. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

“Kitu iliniuma ni Elia. Tulitengeneza ule mulango naye, aliona ile ua. Inje ya nyumba yetu, ni yeye tu alijua. Akaenda kunitaja. Hata alipokufa sikuenda matangani.”

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye beseni. Nikasema, “Papa, haikuwa Elia. Ni miye.”

Vidole vilisimama. Nilimweleza yote sasa: beinye, machozi, ahadi. Alinisikiliza akiwa ameshika ganda moja tupu. Alipozungumza hakunitazama.

“Ulikuwa na myaka kumi.”

“Ndiyo, Papa.”

“Ulimuambia mutu ya Kanisa ukweli. Ile nilikufundisha miye.” Alilitupa lile ganda. “Lakini baadaye ulikuwa na kumi na tano. Na ishirini. Na mutu alikuwa pale ngambo ya ukuta.”

Hilo ndilo nililolielewa nikiwa mtu mzima, wenzangu, na ndilo nilikuwa naogopa kuwasimulia. Nilisalitiwa, na hilo halibadiliki. Mtu niliyemwamini alinichukulia siri yangu akaitumia kulipia amani ya watu wengine. Lakini niliikumbatia ile hali ya kusalitiwa kwa nguvu sana hata nisione kwamba kimya changu kilikuwa kikimtoza mtu mwingine, jirani asiye na kosa, kila alipomwita Baba na Baba akaingia ndani.

Kesho yake Baba aliomba viatu vyake. Tulikwenda Ngezi, kwa mjane wa Papa Elia. Nilisema mimi, Baba alishindwa. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

“Aliniuliza mpaka kufa alimukosea nini Gastoni,” alisema.

Hakutufukuza, wala hakutuambia yameisha. Alisema mwanawe mkubwa anarudi kazini jioni, na kwamba itafaa tuyarudie maneno hayo mbele yake, yeye aliyeshika msalaba wa baba yake siku ya mazishi akitafuta kwa macho jirani yao kati ya watu. Akatuletea viti viwili. Tukakaa kumsubiri.